Bawa la Kushoto, Bawa la Kulia

Siku ya saba baada ya kumzika dada yake, Fundi alirudi kwenye meza ya kazi. Hakurudi kwa sababu moyo ulikuwa umetulia. Mwenye duka la vitu vya michezo alikuwa ameagiza mishale mia na ishirini ya pinde za watoto, na siku iliyoahidiwa ni Ijumaa. Mtu huzikwa, Ijumaa haizikwi.

Wateja walimwita Fundi. Nyumbani aliitwa Mdogo, na miaka yake hamsini na miwili, maana mbele yake alizaliwa mmoja tu, huyo aliyekwenda. Msibani hakutoa chozi. Alibishana na muuza majeneza mpaka akashusha bei, akaazima viti, akavirudisha vyote. Watu wakanong'onezana kwamba ana moyo wa jiwe. Yeye alijipima kama mtu anavyoubonyeza mguu uliokufa ganzi. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, hakusikia kitu. Akaacha.

Shangazi yao alikuwa amebaki hapo kumliwaza.

"Lia, Mdogo. Utapasuka."

"Nikipata nafasi, shangazi."

"Nafasi? Kwani kulia kuna foleni?"

Fundi akakoroga gundi.

Vijiti vya mwanzi vilikuwa tayari vimenyooshwa kwenye moto mdogo na kupigwa msasa. Mbele, mahali pa ncha, alivivika kofia ya mpira, mtoto asije akamtoboa mwenziwe jicho. Nyuma alikata kijipengo cha kupachika uzi wa upinde. Kisha yakaja manyoya ya mabawa ya bata mzinga, matatu kwa kila mshale. Aliyapasua katikati, akayapunguza kwa mkasi, akayabandika, akayafunga kwa uzi mwembamba huku na huku. Mkono mmoja ulishika kijiti, wa pili ulichota manyoya kwenye ndoo chini ya meza. Kwa miaka kumi na minane alichota bila kutazama, kwa kuwa dada yake, kwenye kiti cha pili, alikuwa ameshatazama.

Siku tano hivyo hivyo. Alhamisi akafunga mafungu, Ijumaa akayapeleka.

Mwenye duka alikuwa mpole kwa anayenunua na mkali kwa anayemuuzia. Kawaida yake ilikuwa kujaribu mitatu uani, kwenye boksi lililoegemezwa ukutani. Mshale wa kwanza uliondoka ukipepesuka kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Wa pili ukafuata nyayo za mwenzake. Wa tatu ukaruka ukuta, ukatua kwenye shuka za jirani zilizoanikwa.

"Fundi, umeniletea mishale au nzi?"

Fundi akachomoa mmoja kwenye fungu, akautazama kwa mara ya kwanza tangu autengeneze. Manyoya mawili yalijipinda huku, la tatu kule. Mawili ya bawa la kushoto, moja la kulia. Akachomoa mwingine. Huo nao vilevile. Manyoya ya bawa moja huuzungusha mshale hewani na kuunyoosha. Ukichanganya, yanagombana njia nzima. Hilo mwanagenzi hulijua wiki ya kwanza.

"Kuna watu wananiletea mishale ya plastiki," mwenye duka akasema. "Yote sawasawa. Nimekungoja kwa heshima tu."

"Ya plastiki inavunjika siku ya pili. Na mama wa mtoto haendi kiwandani kulalamika, anakuja kwako."

"Wa shuka naye anakuja kwangu."

"Hii naichukua yote. Jumatano nakuletea mizima."

"Jumanne. Ukiyumba hata mmoja, mimi na wewe basi."

"Jumanne," Fundi akasema. Hakuvuta hata nusu siku. Kwa mtu aliyezoea kubishia hata bei ya chumvi, hilo lilimshtua kuliko mishale.

Nyumbani alimkuta shangazi anafagia.

"Shangazi, hapa chini palikuwa na ndoo mbili, ya kushoto na ya kulia."

"Nilizimimina kwenye moja siku ile ya msiba. Ya pili tulioshea vyombo. Manyoya si manyoya tu?"

Fundi alimtazama, akaona hakuna cha kumdai. Macho ya kutazama alikuwa nayo mwenyewe.

Akakata nyuzi zote. Akaloweka mishale kwenye maji ya moto mpaka gundi ikaachia, akayaanika manyoya kwenye gazeti. Kisha akaanza kuchambua, moja moja, akiliinua kwenye mwanga wa dirisha. La kushoto huku, la kulia kule. Shangazi akavuta kiti cha pili, akajaribu. Katika kumi alikosea manne.

"Yeye alikuwa anafanya hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Na wewe?"

"Mimi nabandika."

"Loo. Kumbe fundi alikuwa yeye."

Fundi aliinua nyoya jingine dirishani. Akaligeuza, akaligeuza tena. Akaliweka kushoto.

Jumanne mwenye duka alijaribu mitatu. Ikaenda kama imechorwa kwa rula. Hakuridhika. Akachomoa saba mingine kutoka chini kabisa ya mafungu, mahali wauzaji wanapoficha ubovu. Saba yote ikalala kwenye boksi.

"Haya, sasa umerudi kuwa wewe. Nitengenezee mia na ishirini mingine. Siku tano, kama kawaida."

"Kumi."

"Kumi? Umezeeka tangu Ijumaa?"

"Kumi."

"Nikupe sita, nimekuheshimu. Fundi, miaka yote ni tano."

"Miaka yote tulikuwa wawili."

Mwenye duka akatazama mlangoni, kama vile huyo wa pili yuko nje anasubiri kukaribishwa.

"Sijawahi kumwona."

"Hakuwa mtu wa kutoka. Dada yangu. Yeye anachambua manyoya, mimi nabandika." Akasukuma fungu moja likae sawa. "Alikuwa anachambua. Tumemzika mwezi huu."

"Pole sana, Fundi. Ungeniambia."

"Ungeniongezea siku?"

Mwenye duka akajikuna kidevu. Alikuwa mfanyabiashara, na swali lilikuwa la haki.

"Nane," akasema, kwa sauti ya chini.

"Kumi."

Mwenye duka akavuta kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole, akazungushia siku ya kumi duara kwa kalamu. Fundi akasogea, akahesabu upya mwenyewe, akatoka.