Shati la Baba Kulwa na Kidonda cha Punda

Leo punda kanimalizia harufu ya mume wangu.

Msicheke jamani, someni kwanza.

Punda wetu wa mkokoteni wa maji ana kidonda begani. Nira ilimchubua tangu masika, mpaka leo hakijafunga. Nikimsogelea na maji ya chumvi, ni mateke tu. Aliyemzoea ni Baba Kulwa, naye yuko machimboni Geita.

Asubuhi bwana mifugo kaniambia, "Mama Kulwa, kisiposafishwa leo, huyu utampoteza."

Mama mkwe akadakia, "Si uvae shati la mwanangu!"

Lile shati sijalifua tangu aondoke. Ndilo nalilalia.

Nikalivaa.

Punda akanusa mkono wa shati, akalaza kichwa kifuani kwangu, akatulia kama mtoto anayenyonya. Tukaosha, tukapaka dawa. Usaha wote ukaishia kwenye shati.

"Hilo lifue sasa hivi, una watoto wewe," akasema bwana mifugo.

Nimelifua. Liko kwenye kamba, linanukia sabuni tu.

Wenye waume machimboni, mngelifua?

Na kidonda kinaoshwa tena keshokutwa. Nitavaa nini? Nitalalia nini?

Baba Kulwa, ukiliona andiko hili, njoo.