Migomba Iliyoshuka na Mama

Ufa ulitokea shambani kwetu Kanja mwisho wa mvua ya mwezi wa nne. Ulikatiza mteremko juu ya nyumba, toka mpaka hadi mpaka, na nilipotia mkono ulizama hadi kwapani bila kugusa chini. Mama alipouona alifurahi.

Kwetu shimo la mgomba huchimbwa refu, likajazwa samadi na nyasi, na ukimaliza machache mgongo unakusumbua wiki nzima. Sasa hapa mtaro mzima ulikuwa umejichimba wenyewe. "Si uone vile Mungu amenisaidia kulima!" aliniambia. Alikuwa mjane, akiishi peke yake. Mimi nilikuwa nimeolewa Meru mjini, upande wa Kaaga, na nilikuja kumwona mara kwa mara. Aliujaza ufa samadi, akapanda migomba mstari mzima. Majirani walimsifu. Hakuna aliyejiuliza ni nini kilichoupasua mlima, na siwacheki. Pale shamba la mtu ni kipande chembamba cha mteremko, shimo la bure haliulizwi limetoka wapi.

Migomba ilinawiri ajabu. Sasa najua sababu: mtaro ule ulikuwa ukinywa maji yote ya mlima na kuyapitisha chini ya miguu yetu.

Mvua ya mwaka wa pili ilikataa kuacha. Nilipofika nilimkuta Mama akichonga ukingo wa mlango kwa panga.

"Hii mlango inakataa kufunga juu ya mvua," akasema. "Mbao imefura."

Nikatazama pembe ya nyumba. Ukuta ulikuwa umeachana na mwenzake, na mwanga wa nje ukipita katikati. Naibu wa chifu alikuwa amepita akiwaambia watu wa mteremko wapande kanisani, kando ya barabara. Mama alimpa chai na kumtakia safari njema.

Mimi nina hasira za karibu. "Mama, hii nyumba inatembea!"

"Nyumba iko na miguu? Wewe tangu uende Meru umekuwa mwoga sana. Na nikitoka, hizi vitu zangu nani atachunga?"

Nilijitwika godoro lake, nikamshika ng'ombe wake kamba kwenda kanisani, nikamwambia nikirudi nitambeba na yeye vivyo hivyo, apende asipende. Alicheka mpaka akashika kiuno.

Nilirudi na jirani yetu, mzee ambaye majani chai yake yalianzia chini ya nyumba yetu. Kutoka kwenye kona ya njia, ng'ambo ya bonde, tulimwona Mama. Hakuwa ndani. Alikuwa juu kwenye migomba, ambayo yote ilikuwa imeinama upande mmoja, na alikuwa akiitegemeza kwa miti yenye panda juu. Ndivyo tulivyolelewa: mgomba ukiinama, utie mti, uendelee na kazi. Nikamwita kwa nguvu zangu zote. Akainua mkono, yaani ngoja nimalize huu.

Mlima ukaondoka. Sina neno lingine. Sauti yake ilikuwa ya lori linalomwaga kokoto, ila lori hili halikumaliza kumwaga. Miti ya mpakani ilitupita ikiwa imesimama wima. Nyumba ilipinda, mabati yakajikunja, udongo ukaifunika. Na nyuma yake, juu ya udongo huohuo, akaja Mama, amesimama, amekumbatia mgomba, kitambaa bado kichwani.

Kwa muda nilisahau hata kwamba yule ni mama yangu. Nilitazama tu. Ardhi niliyoilima tangu utotoni, niliyodhani ndiyo kitu pekee kisichokwenda popote, ilikuwa ikipita mbele yangu na mazao yake, bila haraka, na wala haikumjali mtu. Mzee alivua kofia. Nami nilihisi nimesimama mbele ya kitu cha kuinamiwa, na miaka yote hii bado nahisi hivyo mvua kubwa ikianza.

Ardhi iliposimama tulikimbia, tukizama hadi magotini. Mama alikuwa mzima, matope hadi kiunoni, mikono haitaki kuuachia mgomba. Hakunitazama.

"Hapa ni kwa nani?" akauliza.

Mzee aliangalia mahali majani chai yake yalipokuwa. "Udongo ni yako, mama," akasema polepole. "Mahali ni pangu. Shuka kwanza."

Mama aligeuka, akatazama juu. Pale palipokuwa na nyumba palikuwa na udongo mwekundu mtupu. Mikono yake ikauachia mgomba.

"Basi nimeingia kwako bila kupiga hodi," akamwambia mzee, na hapo akakaa chini, akalia.