Mikwaruzo ya Ubavu wa Kushoto

Baba yangu alikuwa dereva wa serikali mpaka alipostaafu, na hakuna alichojivunia maishani, tukiwemo sisi wanawe, kuliko kutowahi kukwaruza gari. Aliwaendesha wakubwa kwenye barabara za vumbi kabla ya lami, akakwepa ng'ombe, punda na wakubwa wengine, na gari likarudi lilivyotoka. Mgeni akija na gari nyumbani kwetu Mkonze, baba alilizunguka gari kwanza, kisha ndipo akamsalimia mwenyewe. Akiona bampa limechubuka, mgeni huyo alikunywa chai ya rangi hata kama maziwa yalikuwepo.

Kazi ile ilimwachia mazoea, na kubwa lao ni kwamba bosi hukaa nyuma, kushoto. Kwa hiyo mama miaka yote alikaa nyuma kushoto, mkoba mapajani, akipelekwa kununua mchicha kama anayekwenda kufungua mkutano.

Gari la uzeeni alinunuliwa na kaka yangu, anayeishi Dar es Salaam. Ni dogo, jeupe, halina gia za kuhangaika nazo. Lakini kaka yangu akikupa kitu hukipa jicho lake pia. Alipokuja Pasaka alikuta mchubuko mlangoni, akaniita pembeni.

"Mzee haoni tena. Nikija Nanenane nikakuta mkwaruzo mwingine, hata mmoja, gari naondoka nalo."

Nilimwambia ana roho mbaya, na nilimaanisha. Baba bila gari nilikuwa nimeshamwona. Wiki moja lilipokuwa kwa fundi alishinda kibarazani, kofia yake ya kaki kichwani, viatu vimeng'arishwa, funguo mkononi, akisubiri safari ambayo haikuwepo. Sikutaka kumwona hivyo tena.

Basi Juni haijaisha, mikwaruzo ikaanza kumiminika. Kila Jumamosi nikitoka kwangu Makole kuwasalimia, nakuta mpya ubavu wa kushoto, na ndani yake rangi ya kijani ya nguzo ya geti letu. Mama alishika kiuno, akatikisa kichwa.

"Macho ya baba yako hayo, mwanangu. Mimi hata kupanda naogopa."

Kulipeleka kwa fundi kungemshtua mzee. Nikaamua kuiziba mwenyewe Jumamosi mchana, wakati amelala na redio yake inaunguruma. Nilijifunza kwenye simu. Yule bwana wa kwenye video alifanyia kazi kwenye chumba cheupe mithili ya wodi, kimefungwa, hakuna hata nzi. Mimi nilikuwa na mwarobaini, na upepo wa Dodoma wa Julai, ambao hauhitaji kukaribishwa.

Nikaosha, nikasugua kwa msasa laini na maji ya sabuni, nikajaza pati ya kuziba mashimo, nikasubiri ikauke, nikasugua tena, nikapaka praima, ile rangi ya chini. Mpaka hapo nilikuwa fundi. Kwenye vijishimo nikadondoshea rangi kwa kijiti cha meno, ulimi nje, pumzi nimeibana. Upepo ukaja. Uwanja mzima ulihamia mlangoni: vumbi jekundu, majani ya mwarobaini, na unyoya wa jogoo ambaye nina hakika alisimama pale makusudi. Nikasugua, nikaanza upya. Mama akaniletea chai, akainama kuangalia.

"Hapo hujanyoosha vizuri," akasema.

Tena rangi yenyewe haikuwa hiyo. Dukani niliomba nyeupe, nikapewa nyeupe. Nani angenifundisha kwamba weupe nao una koo mbalimbali? Ilipokauka, viraka vyangu vilionekana kama ugali uliogandia kwenye suti ya bwana harusi. Kimoja tu, chini ya kitasa, kilikuwa kizuri ajabu, rangi imekaa, hakina hata chembe ya vumbi. Sikukumbuka kukipaka, lakini nilijipongeza kwamba mkono umeanza kukubali.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Nanenane nikafungua kile kifuniko cha nje cha tenki la mafuta, nikakitia mkobani, nikapanda bodaboda kwenda mjini kwenye duka linalochanganya rangi kwa kufuatisha kipande unachowapelekea. Mchanganyaji alikigeuza mara moja.

"Dada, hiki nakijua. Mzee wa kofia ya kaki hajambo?"

"Mzee gani?"

"Si huyu anayekileta kila mara? Huongea kwa kunong'ona kama ananunua gongo."

Hakupima wala hakulinganisha. Alichanganya kwa kichwa, akanifungia kichupa.

Njia nzima ya kurudi nilimlia baba. Kumbe anajua! Kumbe mtu ambaye hakuwahi kukwaruza gari anaamka, anaona alichogonga, anapaka rangi kwa siri ili sisi tusijue. Dereva wa bodaboda akaniuliza kulikoni, nikamwambia vumbi.

Nikashukia mbali kidogo, nikatembea. Geti letu lilikuwa wazi, na gari lilikuwa linarudi nyuma, polepole, mkia kwanza. Kwenye usukani alikuwepo mama yangu, kitenge amejifunga kibwebwe, shingo ameikunja mpaka nikaogopa haitarudi. Nguzo ilikuwa inamsubiri. Ubavu wa kushoto ukalia, *krrr*. Mama akasimamisha, akashuka, akaangalia, akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua, akapanda tena.

Macho ya baba yako hayo, mwanangu!

Nilizungukia mlango wa jikoni nikiwa nachemka, nikaenda kumwamsha mzee ajionee. Chumbani redio ilikuwa inaunguruma na kitanda kilikuwa kitupu. Baba alikuwa amesimama dirishani, anachungulia kwenye upenyo wa pazia, na alikuwa anakoroma. Amesimama, macho wazi, anakoroma kwa nguvu ili asikike mpaka nje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nyamaza, anageuza." Akakoroma tena mara mbili. "Kata sasa. Kata! Aah, kachelewa."

"Baba, kwa nini humfundishi?"

"Nitamfokea. Nilimfundisha baiskeli tulipooana, nikamfokea siku moja tu. Umewahi kumwona mama yako kwenye baiskeli?"

Sikuwahi.

"Miaka yote kakaa nyuma yangu akiangalia mikono. Anajua kila kitu ila nguzo. Akijua namwona, ataacha." Akaliachia pazia. "Na asiache. Daktari kasema ni presha ya macho. Uoni ulioondoka haurudi. Mimi ile nguzo naijua kwa mazoea tu, mwanangu."

Nilimshika mkono. Nikatoa kichupa cha rangi mkobani, na yeye akatoa chake chini ya mto.

Nanenane kaka akafika. Alizunguka gari kwa mtindo wa baba kabisa, akainama, akapapasa ubavu wa kushoto, hakupata kitu. Wiki nzima watu wawili tulikuwa tumefanya kazi ile, mmoja akiona na mwingine akielekeza. Kabla hajasema neno, mama akatoka amevaa gauni la kanisani, akachukua funguo msumarini, akamwonyesha leseni mpya kabisa. Kikundi cha akina mama alichokuwa akituaga anakwenda kila Jumatano, kumbe kilikuwa chuo cha udereva.

"Twendeni Makutupora, zabibu zimeiva," akasema, akakaa mbele kulia.

Kaka alimtazama baba. Baba alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma, kushoto, akaingia, akaweka kofia mapajani.

"Baba, unakaa huko?"

"Bosi hukaa nyuma," akajibu.

Mama akawasha, akarudi nyuma kwa madaha. Tulipofika getini ubavu ukalia, *krrr*. Kaka akaruka kushika kitasa ashuke aangalie.

"Kaa chini," akasema baba, ambaye hajawahi kudanganya juu ya gari maisha yake yote. "Huo ulikuwepo."