Samaki Si Fuko

Shemeji yangu Festus hajawahi kukosea. Muulize mwenyewe. Alikuwa karani wa ofisi Voi, akastaafu, akaturudia huku Bura na tai zake na ujuaji wa kutosha tarafa nzima.

Bwawa la samaki halikuwa lake. Dada yangu Gertrude alilichimba kwa jembe lake mwenyewe, pale kwenye tope alipokuwa akipanda nduma, Festus akiwa amekaa barazani anamcheka. "Samaki huku milimani? Mama Immaculate, na nyangumi utafuga lini?" Tilapia walipoanza kurukia chakula, bwawa likageuka "mradi wangu". Nilimsikia akimwambia padri hivyo, na Gertrude amesimama papo hapo na ndoo mkononi.

Gertrude alikuwa akiwalisha wishwa uliochanganywa na omena, wale dagaa wakavu, wa kusaga. Tilapia hao alikuwa na kazi nao. Mzee Oloo, mstaafu wa reli pale Voi, alikuwa anakuja na watu wake kumposea mwanawe Elly binti yetu Immaculate. Watu wa ziwani hao. Dada yangu alitaka wapewe samaki, tena wa bwawa lake, wasije wakasema binti ametoka nyumba isiyojua kukaanga samaki. Alilizungumza jambo hilo mpaka nikachoka.

Wiki hiyo hiyo ya posa Festus akaenda semina Voi. Afisa wa samaki aliwaeleza kwamba omena ni chakula cha watu na wanazidi kuadimika, na mfugaji anaweza kutumia funza wa kufugwa badala yake, au majani ya mimea fulani ya jamii ya kunde, yakikaushwa na kupimwa kwanza. Ushauri mzuri kabisa. Bahati mbaya masikio yalikuwa ya Festus. Funza aliona watamshushia hadhi, na hayo ya kupimwa nadhani yalisemwa chai ikipita.

Aliporudi aliwamwagia kuku omena wote, akaenda moja kwa moja ukingoni mwa shamba, kwenye utupa. Kila mtoto wa huku anaujua utupa. Una maganda kama ya kunde, na tunaupanda kuua fuko wanaomaliza viazi. Festus mwenyewe ndiye aliyeupanda, kuua fuko. Akakausha majani, akayatwanga, akayachanganya na wishwa.

"Shemeji, si hiyo ni dawa ya fuko?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mtu aliyekuja ofisini kwake bila kitambulisho. "Ni jamii ya kunde. Protini tupu. Halafu samaki si fuko."

"Baba Immaculate, ngoja basi wageni waje waende," Gertrude akamsihi.

"Samaki si fuko," akarudia, akamwaga ndoo nzima.

Asubuhi bwawa zima lilikuwa matumbo meupe. Gertrude aliingia majini na gauni lake, akawa anawaokota huku analia. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia Festus wakati ule, hasa aliposema kwamba maji ya mlimani ndiyo yenye kasoro.

Wageni walipofika kesho yake tuliwapa kuku, wale wale waliokula omena. Festus akakaza tai, akasimama, akatoa hotuba. Ugonjwa wa ghafla umeingia bwawani, wataalamu wanachunguza. Wataalamu gani? Mzee Oloo akampa pole kwa heshima zote.

Ndipo Gertrude akatoka jikoni na sahani moja. Tilapia mzima, amekaangwa vizuri, na ugali pembeni. Akaiweka mbele ya mumewe kwa mikono miwili.

"Huyu nilikuwekea kutoka kwa mradi wako, Baba Immaculate," akasema, sebule nzima ikisikia. "Kula tu. Hata wewe si fuko."

Mzee Oloo akaacha kutafuna, akamngoja mwenyeji wake aonje. Mkono wa Festus ulifika ukingoni mwa sahani, ukarudi kwenye tai.