Doa la Wino Kwenye Tangazo la Ineza

Gazeti la Jembe Letu lilikuwa na kurasa nne na mfanyakazi mmoja tu, Koleta, binti wa wakulima wa Kirushya aliyefundishwa taipureta na masista. Aliandika mwenyewe, akakata stensili mwenyewe, akazungusha mpini wa mashine ya kudurufu mpaka bega likafa ganzi. Zamani watu walisoma humo bei ya maharage na ratiba ya misa. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Ngara, ukurasa wa nyuma ukawa wa wanaotafutana: jina, baba, kilima alichotoka kwao, kambi na kibanda. Watu kumi na mmoja walikutana kwa ukurasa ule, na Koleta alijivuna, kwa nini asijivune?

Kisha mzee mmoja aliyetangazwa humo akafuatwa na mtu aliyejiita mpwa wake. Asubuhi mzee alikutwa migombani, amekufa. Tangu hapo Koleta akawa tumbo joto kila mlango ulipogongwa.

Alhamisi moja mchana aliingia kijana mwembamba, gazeti mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mimi ni Ndizeye. Dada yangu Ineza ananitafuta, lakini hapa wino umefunika. Anakaa wapi?"

Kweli, doa nene lilikuwa limeziba kambi na kibanda. Stensili ilichanika siku ile, na Koleta aliona aibu wiki nzima. Sasa alilishukuru doa lile. Karatasi aliyoiandika Ineza ilikuwa kwenye droo, karibu na goti lake.

"Baba yenu nani? Kilima gani?"

Kijana alijibu bila kukwama, akivuta sikio lake. Koleta aliibana droo kwa goti. Majibu yote hayo aliyachapa mwenyewe, nani asingeyajua?

"Na mama yenu?" Hilo halikuwamo gazetini.

"Mama ni marehemu," alisema, akavuta tena sikio.

Koleta alitaka kupiga kelele. Siku Ineza alipoleta tangazo, mama yake alikaa kwenye benchi lile pale, mzima, akinywa uji. Huyu ni muuaji, na amesimama mlangoni!

"Dada yako amehama," alisema, akishangaa sauti yake ilivyotulia. "Amekwenda Biharamulo kutafuta vibarua. Hakuacha anwani."

Kijana alishukuru, akaondoka. Koleta alisubiri kidogo, akatokea mlango wa nyuma, akakimbilia kambini kumwambia Ineza ajifiche.

Ineza alisikiliza mpaka mwisho. "Yukoje huyo mtu?"

"Mwembamba. Akisema anavuta sikio."

Mama yake Ineza aliacha kuchambua maharage, akasimama.

"Anavuta sikio tangu mdogo," alisema. "Nilipoanguka mtoni alikuwa ameshavuka. Alidhani nimekufa maji."

Walikimbilia barabarani wote watatu. Lori la Biharamulo lilikuwa limeshaondoka.

Jembe Letu liliendelea miaka miwili. Koleta hakuchapa tena kambi wala kibanda cha mtu, ila juu kabisa ya kila toleo aliandika: Ndizeye, mama yako yu hai. Mwisho wa mwaka 1996 wakimbizi waliamriwa kurudi kwao, na Ineza na mama yake wakaondoka na msururu, bila Ndizeye. Gazeti likafa mwezi huohuo.

Koleta sasa ni bibi, anaishi Kirushya. Mtu akipiga hodi mchana, huinuka mbio kufungua, na kabla hajautazama uso huutazama mkono, kama unakwenda sikioni.