Kuulizia Tobolsk

Kwetu Ibra, Oman, mtu akija kuposa hatumuulizi yeye, tunawauliza watu. Akitoka Bahla au Samad, kaka yangu hupiga simu mbili tu, na kahawa haijapoa tumeshajua babu yake alikuwa nani na aligombana na nani. Lakini mposaji wa binti ya kaka alitoka Tobolsk, Siberia. Ni Mtatari, Muislamu, mhandisi anayefanya kazi hapa Oman, mjini Sur, na huko kwao hatukuwa na mtu hata mmoja wa kumpigia. Kaka akasema neno la mwisho ni la Mama, na kazi ya kuulizia ni yangu, maana nimesomesha historia mpaka nikastaafu. Basi nikauulizia mji wenyewe.

Nilisoma wiki nzima, na kila siku nilishtuka upya. Kumbe karibu na pale palikuwa na ufalme wa Waislamu, Warusi wakauvunja wakajenga ngome yao. Kumbe wafungwa walipitishwa hapo na minyororo miguuni, wengine wamechomwa alama usoni. Hata kengele ilihamishiwa huko! Ilipigwa kuwaita watu wa mji wake kwenye fujo, nayo ikachapwa viboko, ikakatwa ulimi, ikapelekwa Tobolsk kama mkosaji. Nilirudia mara tatu, sikuamini. Kwenye daftari nikaandika: mji wa jela. Nakiri kwamba nilifurahi. Sikutaka mtoto wetu aende mbali hivyo, na sasa nilikuwa na sababu.

Ijumaa baada ya alasiri kijana akaja. Mamake alikuwa kwenye simu, tumeiegemeza kwenye birika la kahawa. Yeye akisema Kirusi, kijana akikigeuza Kiingereza, na binti yetu akimtafsiria bibi yake kwa Kiswahili, lugha tuliyorudi nayo kutoka Zanzibar. Mimi nikafungua daftari langu, nikauliza bila haya: watu wenu walikuwa wafungwa, au walinzi wa wafungwa?

Yule mama akacheka. Wote wawili, akasema. Babu yake yeye alifungwa, na babu wa mumewe alishika funguo. Kisha akavaa miwani, na yeye akatoa karatasi.

Kijana alimsikiliza, akawa mwekundu, akakataa kutafsiri. Binti akamwambia, "Sema." Akasema. Binti akamgeukia bibi yake: "Bibi, anasema na wao wametuulizia. Wamesoma kwamba Zanzibar watu wakiuzwa sokoni. Anauliza watu wetu walikuwa wakiuzwa, au wakinunua?"

Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nyani mwenye daftari. Nikaanza kujibu kwamba hayo ni mambo ya kale, kwamba sisi tulikuwa watu wa dini na karafuu. Mama akanikata.

"Usimfiche mwenzio. Yeye kakujibu kweli, na wewe mjibu kweli. Babu yangu alikuwa nao watumwa, kule Pemba. Mmoja mie nilimuwahi, kizee. Alilala jikoni kwetu mpaka akafa. Tukimwita bibi."

Nimepita miaka sitini na sikuwahi kulisikia hilo. Soko lile nimelisomesha kila mwaka, nikilieleza kama la watu wengine, na Mama nyumbani akinipakulia wali. Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia zaidi, kwani sikuwahi kumuuliza. Niliwauliza wa Bahla, nikawauliza wa Siberia.

Binti alitafsiri yote, jikoni na kufa, hakupunguza neno. Kijana alitafsiri akiangalia zulia. Mamake aliandika, akatushukuru kwa adabu, akasema atazungumza na mumewe halafu atatupa jibu.

Leo ni siku ya tisa. Mama yuko radhi, kaka yuko radhi, na mimi sababu zangu zimekwisha. Binti hali chakula, na simu haiachi mkononi. Tunangoja watu wa Tobolsk watuambie kama tunafaa.