Siku Kikoi Kiliponiacha Baharini

Ukiingia kwa kinyozi wetu wa Peckham, kwenye kioo cha kiti cha pili utaona picha imebandikwa kwa selotepu: mwanamume mrefu, miguu myembamba, kifua wazi, amejifunga kanga nyekundu kiunoni mbele ya magofu ya mawe, na pembeni yake mama mtu mzima amejitanda kanga hiyohiyo, utadhani wamevaa sare ya sherehe moja. Huyo mwanamume ni mimi. Nimeona nisimulie mwenyewe kwa sababu imefika mahali watu nisiowajua wananisalimia kwenye basi huku wakicheka, na kila mmoja ana habari yake (mmoja aliambiwa mimi ni mganga, akataka kujua kama natibu mgongo). Aibu nimeshaipata na haiwezi kuongezeka, afadhali sasa iende na ukweli wake.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mbili na sina kitu ninachoweza kukiita kazi yangu. Shule niliiachia kidato cha pili kule Korogwe, si kwamba nilishindwa, ila kila gari lililopita barabarani nilitaka kujua linakwenda wapi, na siku moja nikapanda. Tanga, Mombasa, Maskati, mwisho London. Na hapa London nimefagia ofisi, nimefua mashuka ya hospitali, nimepanga letusi kwenye maboksi, nimepokea simu za teksi, na kila kazi niliiacha siku nilipoona nimeshaielewa. Wenzangu waliuita uzururaji. Mimi niliita kutaka kujua, lakini jina hilo halimsaidii mtu anapokwenda kuposa.

Niliyetaka kumposa ni Zuhura, muuguzi, aliyekuwa akikaa Thamesmead na kaka yake Salim na mama yao, Bi Mwajuma. Bi Mwajuma ni mtu wa Pangani, mpole, hapandishi sauti, na kwa upole huohuo alikuwa amenizungusha mwaka mzima. Mshenga wangu akienda anapewa chai ya tangawizi, anapewa vitumbua, anaulizwa hali ya watoto wake mmoja mmoja, anarudi ameshiba na hana jibu. Mwishowe mama alimwambia Zuhura kwamba yeye hana neno baya juu yangu, ila mtu humjui mpaka usafiri naye, na yeye hajasafiri na mimi hata kufika Woolwich.

Sasa Zuhura alikuwa amemwahidi mama yake kwamba akitimiza miaka sitini atampeleka mahali penye jua la kweli, na alikuwa ameshachagua kisiwa kimoja cha Meksiko, waende watatu, yeye na mama na Salim. Bi Mwajuma akasema, "Mwambieni na yule kijana aje. Chumba chake kiwe mbali." Nilipoletewa salamu hizo nilielewa kwamba sikualikwa matembezi, nimeitwa kwenye mtihani, na jibu langu la posa liko hukohuko.

Nilijiandaa kama mtu wa mtihani. Maktabani niliazima kitabu kinene cha habari za Wamaya, nikakisoma mara mbili, walivyohesabu siku, walivyofuata nyota, walivyonunua vitu kwa punje za kakao, nikawa na maswali yangu ishirini ya kumuuliza kiongozi wa watalii mama akisikia. Nilichokisahau ni kaptula ya kuogelea. Niliinunua sokoni Peckham jioni ya kuamkia safari, imo ndani ya pakiti, na muuzaji alinipima kwa macho tu akasema hii ndiyo yako, kaka. Sikuifungua. (Hapo mkisikiliza vizuri mtasikia mkasa unapiga hodi.)

Siku ya tatu kisiwani tulikuwa na matembezi ya kutwa: asubuhi baharini, kuvaa miwani na mrija wa kupumulia na kutazama matumbawe, mchana magofu na kijiji kinachoonyesha maisha ya Wamaya. Nilijiambia kwamba Bi Mwajuma atatukuta mchana. Sikumwuliza mtu. Nilipofika gatini, mtu wa kwanza kumwona ni yeye, yuko ndani ya baibui, kikapu mkononi, na juu ya kikapu doti ya kanga nyekundu imekunjwa vizuri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaongeza kwamba aliyezaliwa Pangani hawezi kuambiwa boti inaondoka halafu akabaki kitandani.

Boti ilikuwa na kijumba kidogo cha kubadilishia nguo, na humo ndimo nilipoifungua pakiti yangu. Ilikuwa ya njano, imebana, ina picha ya kasuku mkubwa nyuma, na iliishia mahali ambapo kaptula nyingine ndiyo kwanza zinaanza. Nanyi mnajua kwetu ilivyo, mwanamume hamwonyeshi mkwewe paja, hata goti unalistahi, kuna wazee walikuwa wakikutana na mkwe njiani wanaingia kichakani. Na huyu hajawa mkwe bado, ndiye anayeamua kama atakuwa. Mkobani nilikuwa na kikoi changu cha kulalia, nikakifunga juu ya yule kasuku, nikatoka. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo tu, na hata sasa naona ulikuwa wa heshima.

"Shemeji," Salim akaniuliza, "unakwenda kuogelea au unakwenda kuswalisha?"

Kiongozi wetu, kijana wa kisiwani aitwaye Mateo, naye alikionyesha kile kikoi akatikisa kichwa. Nikamwambia ni mila yetu. Akainua mabega, nadhani ameona watalii wa kila aina. Alitueleza kwamba pale kuna mkondo, hakuna haja ya kupiga mbizi wala kujichosha, ukishavaa jaketi la kuelea unalala kifudifudi na maji yanakuchukua yenyewe juu ya matumbawe, boti inafuata, inakuokota mbele. Nilipenda sana habari hiyo. Nikaona kumbe kuna bahari inayofanana na maisha yangu.

Nikaruka. Kikoi kikapanda kama mwavuli, kikanifunika kichwa pamoja na miwani na mrija, nikaibuka juu ya maji nimejitanda kama biharusi, na nilipokuwa nahangaika kujifunua, fundo likalegea. Mtu yeyote wa pwani angeniambia kwamba fundo la kikoi ni la nchi kavu. Wenzangu walikuwa wameshalala kifudifudi wanachukuliwa na mkondo, wametulia, na kikoi changu kilikuwa juujuu kinasukumwa na upepo kwenda upande mwingine kabisa. Nikakifuata.

Ningekipata. Naapa ningekipata, kilikuwa kimebaki hatua tatu, ila niliinamisha uso ndani ya maji mara moja, na chini yangu akapita kasa. Alikuwa mkubwa kama meza ya kahawa, anapiga mikono polepole, hana haraka na mtu, na mgongoni ameota majani. Nikasahau kikoi, nikasahau posa, nikamfuata kuona anakwenda wapi. Nilipoinua kichwa, kasa hayupo, kikoi hakipo, na boti ni kidoa, lakini kipenga cha Mateo nilikisikia.

Boti ikageuka kwa kasi kunifuata. Katika kugeuka huko ikainama upande mmoja, na mkoba wangu wenye suruali na shati, niliouacha kwenye benchi, ukateleza ukaanguka baharini. Niliuona kwa macho yangu unavyokwenda chini. Kwa hiyo ngazi ilipoteremshwa karibu yangu, hesabu yangu ya nguo hapa duniani ilikuwa jaketi la kuelea na kasuku. Na juu ya ngazi, mahali penye kivuli ambapo Mateo kwa adabu yake alimweka mama mtu mzima, alikuwa amekaa Bi Mwajuma.

Nikashika kipandio cha chini nikasema niko sawa hapahapa.

Mateo aliniuliza kama misuli imekaza, nikasema hapana. Kama nimeumwa na kitu, hapana. Kama naogopa, nikasema kidogo. Watalii wenzetu, ambao walishaokotwa na kukaushwa, wakaanza kutazama saa, na bwana mmoja mwenye kofia pana akasema kwa sauti kwamba yeye amelipia na Wamaya pia. Nikazidi kuishika ngazi. Mateo akachukua redio, na baada ya muda ikaja boti nyingine ina wanaume wawili na ubao mrefu wa kufungia mtu aliyevunjika mgongo, wakanisogezea ule ubao majini, nikausukuma, wakausogeza, nikausukuma. Salim alikuwa ameshaelewa, na badala ya kunisaidia alikaa chini sakafuni, machozi yanamtoka.

Zuhura akainama ukingoni.

"Hemedi, panda."

"Siwezi."

"Umeumia wapi?"

"Mama amekaa hapo."

Akamtazama mama yake, akanitazama mimi, kisha akatazama ndani ya maji (bahari ya kule haina siri, ukidondosha sindano unaiona), akaziba mdomo kwa mkono. Bi Mwajuma alikuwa amesikia. Akafungua kikapu, akatoa kanga moja, akampa Zuhura bila kuangalia upande wangu, akasimama akaipa bahari mgongo.

"Waambie na hao wengine wageuke," akasema.

Zuhura akawaambia kwa Kiingereza, Mateo akamwambia nahodha kwa Kispanyola, na boti nzima ikageuka, yule bwana mwenye kofia aliivua kabisa akaishika kifuani, na kwenye ile boti ya pili wale wawili nao wakageuka na ubao wao. Nikapanda ngazi, nikajifunga kanga. Ambaye hakugeuka ni Salim, alikuwa na kamera, na picha hiyo anaihifadhi yeye mwenyewe, ndiyo maana mpaka leo simkatalii kitu.

Tulifika magofuni tumechelewa sana, onyesho la kutengeneza kakao limekwisha, na watu wote walijua ni kwa ajili ya nani. Jua lilikuwa kali, Bi Mwajuma akajitanda ile kanga iliyobaki, na hapo ndipo nilipotambua kwamba mimi na yeye tumevaa doti moja. Maswali yangu ishirini yote yalinikauka. Nilitembea nyuma ya watu. Kijijini kulikuwa na mama anasaga mahindi kwenye jiwe, Bi Mwajuma akaomba ajaribu, akapiga magoti akasaga kama aliyezaliwa nalo, na wale wawili wakaanza kuzungumza, huyu Kiswahili, yule Kimaya, na wakaelewana vizuri kuliko mimi na mwenye nyumba wangu. Yule mama akaishika kanga akaipenda, akataka kuona pindo lote, na kwa kuwa kanga ya pili ilikuwa mwilini mwangu, akanishika kiuno akanizungusha polepole mbele ya kadamnasi. Kamera zikalia.

Penye magofu Mateo alieleza kwamba zamani wanawake walivuka bahari kwa mitumbwi kuja hapo kuomba uzazi. Bi Mwajuma akanigeukia.

"Wewe uliyesoma. Waume zao walibaki wapi?"

"Sijui, mama. Nililitafuta hilo kitabuni sikuliona."

Akaguna. Akakaa juu ya jiwe penye kivuli, nami nikasimama mbali kidogo nimeishika kanga kwa mikono miwili (nimeshajifunza). Mjusi mkubwa alikuwa anaota jua juu ya ukuta, tukamtazama wote wawili kwa muda mrefu.

"Wale watu walitaka kukufunga kwenye ubao, na bado hukupanda," akasema. "Je, ningekaa pale mpaka jioni?"

"Ningekaa majini mpaka jioni, mama."

"Umeacha kazi ngapi tangu uje London?"

"Saba."

Akaendelea kumtazama mjusi.

"Kumbe kutulia unaweza," akasema, na hapo Salim akatupiga ile picha.

Sikujua kama nimepita au nimeanguka. Safari iliyobaki hakulitaja tena, wala Zuhura hakuthubutu kumwuliza. Tuliporudi London niliifua kanga ile, nikaipiga pasi, nikaikunja, nikapanda basi mpaka Thamesmead nikiwa nimevaa suruali, mkanda na koti, ingawa ilikuwa Julai. Bi Mwajuma akanipa chai. Nikaiweka kanga mezani, nikashukuru, nikaomba radhi. Hakuigusa. Aliisukuma kwa kidole ikarudi upande wangu.

"Doti haikai nyumba mbili," akasema. "Kaa nayo, lakini usikae nayo sana. Mshenga wako aje Jumapili."

Mshenga alikwenda, na safari hiyo alirudi mbio na jibu la ndiyo, hata vitumbua hakula.

Siwadanganyi kwamba nimekuwa mtu mwingine, kazi nimeshaacha nyingine mbili, na yule kasa bado natamani kujua alikuwa anakwenda wapi. Ila nguo sinunui tena bila kufungua pakiti palepale mbele ya muuzaji, na sitii mguu kwenye maji yoyote, hata ya bwawa la manispaa, mpaka niulize ni nani amekaa karibu na ngazi. Kinyozi nimemwomba aitoe picha, amekataa, basi ibaki. Kasuku nilimtupa mwenyewe kwenye pipa la taka la Thamesmead, nikasimama pale kwenye mvua mpaka lori likaja likamchukua.